Kofia Yenye Kisigino

Wifi yangu Nekbakht aliletwa kwetu juu ya punda, akiwa na miaka kumi na tisa, na mikono yake haikushika hatamu. Punda aliongozwa na mjomba wake. Yeye alikuwa anafuma. Uso ulifunikwa shela jekundu, asione hata masikio ya punda, lakini vidole vilikuwa vinakwenda chini ya shela, kulabu ndani, kulabu nje, kwa kupapasa tu. Soksi za bwana harusi alikuwa hajazimaliza. Ya kulia ilikuwa tayari, ya kushoto imebaki kisigino, na kwetu soksi moja haiingii katika nyumba mpya. Soksi moja tunaiita mjane.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimepanda juu ya paa pamoja na wenzangu. Nikapaza sauti ili asikie.

"Jamani, kaka ameoa mke au ameoa cherehani?"

Shela likageuka. "Cherehani haili, wifi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mimi nina njaa tangu asubuhi."

Watu walicheka mpaka punda akagoma kutembea. Tangu siku ile tukapendana kwa namna yetu, ya kurushiana maneno kama watoto wanaorushiana theluji: inauma kidogo, halafu inayeyuka. Aliponizoea akanitolea hukumu.

"Watu husema ulimi hauna mfupa," aliniambia. "Wako mfupa unao, wifi. Ulichokosa ni kisigino. Ukianza kuteremka haujui pa kusimama."

Nilicheka sana. Nililirudia neno hilo kijiji kizima kana kwamba nimesifiwa.

Nekbakht maana yake ni mwenye bahati njema. Wazazi hutoa jina kama mtu anayerusha jiwe gizani. Watoto wake wawili wa kwanza walimwondokea katika msimu mmoja, ule wa baridi ya njaa, vita vilipofunga barabara ya kwenda chini na sisi huku juu milimani tukawa tunakula unga wa matunda makavu ya forosadi uliochanganywa na majani makavu. Msimu huo alifumua soksi zote alizokuja nazo siku ya kuolewa, pea kumi na moja, akafuma upya vijisoksi na vifulana vya kuwafunika wale watoto. Walikufa wamevaa vizuri. Najua ni neno baya, lakini alilisema yeye mwenyewe, na ndilo neno pekee nililopata kumsikia akilisema juu yao. Kisha, baada ya miaka mitatu, akamzaa Nozanin, na huyo akabaki.

Ufumaji wake niueleze, kwa sababu kila kitu kimetokea humo. Kulabu yake ilikuwa waya wa gurudumu la baiskeli, baba yake aliuponda ncha kwa nyundo akaukunja. Sisi soksi tunaianzia kwenye vidole. Unafunga vitanzi sita, unavizungusha, unaongeza duru kwa duru mpaka vidole vyote vienee, kisha unapanda moja kwa moja. Ukifika kisigino hukifumi. Unaacha mdomo wazi, unaendelea na shingo ya soksi mpaka juu, ndipo unarudi kuuziba ule mdomo kwa uzi wake wa peke yake. Kisigino ni cha mwisho kufumwa kwa sababu ndicho cha kwanza kutoboka. Siku kikitoboka unakitoa chenyewe, unaweka kingine, soksi inabaki ile ile. Na nakshi yake ilikuwa moja tu, aliyoachiwa na mama yake: pembe za kondoo dume wa mlimani, nyeupe juu ya kahawia, na ncha nyekundu. Hakuwa na karatasi ya michoro. Ilikuwa vidoleni. Ukiona pembe zile miguuni mwa mtu hata sokoni mjini, unajua mtu huyo amepita mlangoni kwa Nekbakht.

Kofia hakuwahi kufuma. Kofia za wanaume wetu ni za kitambaa, hushonwa kwa sindano na wanawake wa kijiji cha chini, na ni kazi yao.

Sasa kaka yangu. Gulomsho alikwenda Urusi kama walivyokwenda wanaume wote wenye mikono miwili, akakaa misimu saba ya baridi kwenye majengo. Msimu wa saba ubao ulimwangukia kutoka ghorofa ambayo yeye mwenyewe hakuikumbuka. Walimpasua, wakatoa kipande cha mfupa juu ya sikio la kushoto, wakamshona ngozi, wakamwambia arudi baada ya mwaka kuwekewa bati. Arudi kwa njia gani? Alishuka kwenye gari hapa kijijini majira ya kuanika aprikoti, amejifunga kitambaa kichwani, na alipokitoa ndani ya nyumba sote tulitazama mahali pengine. Palikuwa na shimo la kuenea kiganja. Ngozi ilikuwa inapanda na kushuka humo kama utosi wa mtoto mchanga.

Akili yake ilikuwa nzima, na utani wake pia. "Nimeacha kipande kule," alisema, "ili nisipotee nikirudi." Lakini upepo ulimshinda. Sisi upepo wetu unatoka kwenye njia ya juu ya mlima, unashuka bondeni kila siku baada ya adhuhuri, na kuanzia mwezi wa kwanza wa baridi hauna huruma. Alisema ukimpiga pale ni kama mtu amechovya kidole kwenye mto akakiingiza katika mawazo yake. Kofia yake ya zamani haikukaa. Alipoivaa ilitelezea upande wa shimo, kama gari lililotumbukia mtaroni, halafu ikaanguka. Akajaribu kujifunga shali. Wanawake wanne kisimani wakamuuliza mume wake anaendeleaje. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Akaacha kutoka. Mwanamume aliyekuwa akisikika kutoka kwenye kinu cha maji hadi darajani akawa anashinda ndani, chini ya tundu la paa linaloingiza mwanga, anapasua kuni nyembamba kama njiti.

Na Nozanin alikuwa ameshachumbiwa. Kijana alitoka ng'ambo ya daraja, kijiji cha watu wenye kujua kuongea, na harusi ilipangwa mwezi wa theluji, maana kazi ya shamba haipo na vijana wako nyumbani. Siku hiyo, kabla binti hajatoka, baba husimama penye nguzo kuu ya nyumba, huchota unga akampaka bintiye bega la kulia, humwekea mkono kichwani, humwombea. Wanaume wa upande wa pili hukaa wakatazama. Na mwanamume hasimami penye nguzo kuu kichwa wazi. Haijaandikwa popote, lakini hata mlevi anajua.

"Mwiteni mjomba wake," Gulomsho alisema. "Atampaka unga yeye."

"Mjomba hakumzaa," Nekbakht akajibu.

"Na mimi nisimame pale na kichwa kama chungu kilichokanyagwa?"

"Nitakufumia kofia."

"Wewe? Wewe unajua soksi."

"Basi kichwa chako kitajifunza."

Haya alinisimulia baadaye, siku zile za arobaini, neno kwa neno, tukiwa wawili na birika la chai ya maziwa ambalo hakuna aliyelinywa. Wakati yanatokea mimi sikuwapo. Nilikuwa nimeshuka mjini kwa wiki mbili na mashangazi wa bwana harusi kuchagua vitambaa, na niliifurahia sana safari hiyo.

Nekbakht alianza kama anavyoanza vidole vya soksi: vitanzi sita, zungusha. Aliongeza kama anavyoongeza soksi, kisha akapanda moja kwa moja kama alivyozoea. Ikatoka mfuko mrefu mwembamba. Gulomsho aliushika akauliza farasi gani anaumwa mguu. Nekbakht akaufumua. Mara ya pili akaamua kichwa ni kikubwa kuliko mguu, basi ataongeza kila duru bila kuacha. Ikalala bapa kama mkate, na ukingo wake ukawa unapiga mawimbi. Akaifumua tena. Mara ya tatu akakaa kwanza bila kufuma, akatazama sufuria, akatazama kiazi, akalitazama goti lake. Ndipo akaona kwamba kichwa kinataka kuongezwa mpaka upana wa kiganja, halafu kuongezwa duru moja na kupumzishwa moja, halafu moja na mbili, mpaka kikubali kuinama chenyewe. Hivyo kikainama.

Pembe nazo zikamsumbua. Soksi inapanda kutoka vidoleni, kwa hiyo pembe zinatazama juu. Kofia inashuka kutoka utosini. Alipofuma kama mkono ulivyozoea, kondoo wote walikuwa wamepinduka, pembe chini, kama wamechinjwa na kutundikwa. Ilimbidi aifume nakshi ya mama yake kinyumenyume, kuanzia ncha nyekundu kurudi shinani. Alisema ilikuwa kama kusoma dua kutoka mwisho. Siku nne zilimpita kwa mistari kumi na minne. Mara nyingi aliweka kulabu chini akatoka nje kutazama mbuzi.

Ikawa kofia nzuri. Ikamtelezea upande wa shimo ikaanguka.

Gulomsho aliinama. Aliiokota akampa. Nekbakht akamwambia alaze kichwa mapajani mwake, kama mtu anayetafutwa chawa, na mchana ule, mwanga ukishuka kutoka tundu la paa, alilipima shimo kwa uzi. Alipima urefu, upana na kina, akifunga fundo kila mahali. Hakuwa amewahi kuligusa. Miezi yote ile walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu na hakuwahi kuligusa.

"Linauma?"

"Hapana. Endelea."

"Mbona unalia?"

"Mkono wako una joto," akasema.

Na alipolishika ndipo alipolitambua. Lilikuwa na umbo ambalo vidole vyake vilikuwa vimelifuma maelfu ya mara. Lilikuwa kisigino, tena kisigino kilichogeuka kuingia ndani. Kofia ya duara haiwezi kukaa kwenye kichwa ambacho si duara, lakini soksi haikuwahi kuumbwa kwa ajili ya kitu cha duara. Akafumua nusu, akashuka tena, na alipofika juu ya sikio la kushoto akauacha mdomo wazi. Akamaliza kofia mpaka ukingo. Kisha akarudi, akauziba ule mdomo mara mbili. Nje aliuziba bapa, pembe zikaunganishwa, usione kitu. Ndani alifuma kisigino kamili, kimeelekea kichwani, akakijaza manyoya laini ya mbuzi, yale ya chini kabisa yanayotoka kwa kuchana tu.

Gulomsho aliivaa. Kile kisigino cha manyoya kikaingia mahali pake kama ufunguo. Akatikisa kichwa kama farasi, haikutoka. Akainama, haikutoka. Akafungua mlango akaenda kusimama nyuma ya zizi, mahali upepo unapopiga kwa nguvu kuliko kote, na Nekbakht alimwona dirishani amesimama huko muda mrefu mikono imelegea. Akarudi, pua nyekundu.

"Hakuna upepo," akasema. "Nekbakht, kichwani mwangu hakuna upepo."

Hiyo ilikuwa siku mbili kabla ya harusi. Ndiyo siku niliyorudi mimi.

Niliingia na mashangazi wawili wa bwana harusi, mikono imejaa vitambaa, miguu imeganda. Wanawake wa kijiji walikuwa wamejaa ndani wakikanda unga na kupanga mito. Gulomsho alikuwa nyuma ya pazia la upande wa wanaume, lakini kofia aliiacha kwa Nekbakht amalizie uzi wa ukingoni, na ilikuwa mapajani mwake. Nikaziona pembe zile. Pembe ambazo kila mtu katika bonde hili anazijua ni za miguuni.

Lazima nieleze kitu kimoja. Soksi kwetu haipandi juu ya kiuno. Haitundikwi kwenye nguzo, haiwekwi rafuni, na mtoto akiichezea akaivaa kichwani hupigwa kofi. Mtu asiyejua juu na chini, mpumbavu wa mwisho, tunamwita soksi-kichwani. Na jina likimshika mtu huku, wajukuu wake hulirithi. Kuna ukoo hapa unaitwa Mkia kwa sababu babu wa babu yao alivuka mto ameshika mkia wa ng'ombe. Wana daktari katika ukoo ule. Anaitwa Daktari Mkia.

Haya yote niliyajua. Na nilisimama pale mlangoni, nina wageni nyuma yangu, nina baridi, nataka watu wageuke kunitazama.

"Ala! Wifi!" nikasema. "Kaka yangu leo unamvalisha soksi kichwani? Na miguuni utamvika nini, kofia?"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mnene, alijishika nguzo. "Soksi-kichwani!" alisema, akifuta macho. "Mkwe wetu soksi-kichwani! Ngoja nikawaambie nyumbani."

Nekbakht hakunirudishia neno. Miaka thelathini na zaidi alikuwa hajawahi kushindwa kunirudishia neno. Aliigeuza kofia, ndani nje, nje ndani, akaifunika kwa aproni yake. Nikadhani amechoka.

Nyuma ya pazia kuni zilikuwa zinapasuliwa. Zikanyamaza.

Jioni Gulomsho alimwambia mkewe hataivaa. Hakukasirika. "Ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa," alisema. "Lakini Nozanin anakwenda kuishi na wale. Atakapochelewa kuamka wataambiana, unategemea nini, binti wa soksi-kichwani. Atakapozaa watasema mjukuu wa soksi-kichwani. Mimi nitavaa siku moja, yeye atavaa maisha yake yote."

"Basi mjomba atampaka unga," Nekbakht akasema.

"Hapana. Umenitoa nyuma ya pazia. Siwezi kurudi tena."

Siku ya harusi theluji ilikuwa nyembamba na kavu, ile inayoruka bila kuanguka. Wanaume wa ng'ambo waliingia, wakakaa, wakapewa chai. Nozanin aliletwa katikati. Na Gulomsho akatoka nyuma ya pazia, amevaa joho lake jeusi, amenyolewa vizuri, kichwa wazi.

 Mwanga wa tundu la paa ulimshukia sawasawa kwenye lile shimo, ukaonekana jinsi lilivyokuwa likipumua.

Khalifa wetu, kiongozi wetu wa dini, ambaye ni mtu mpole, akamnong'oneza, "Gulomsho, ndugu yangu. Kichwa."

"Khalifa, Mungu ameshakiona," kaka akasema kwa sauti ya watu wote. "Na wakwe wakione. Wasije wakasema tumewaficha kitu."

Mzee mmoja wa upande wa pili alicheka, cheko zuri la heshima, na wengine wakalegea. Gulomsho akachota unga. Akampaka Nozanin bega, akamwekea mkono kichwani, na maneno aliyomwombea siyaandiki, ni ya mtoto. Hakuna aliyetaja soksi. Yule shangazi mnene alikuwa analia kwa sauti kuliko mama wa bibi harusi. Mimi pia nililia. Nilijiona nimeguswa na ushujaa wa kaka yangu. Sikuwa nimeunganisha jambo na jambo. Mtu aliyeangusha jiwe juu mlimani huwa wa mwisho kusikia limefika wapi.

Baba husindikiza gari mpaka darajani. Ni mwendo wa nusu saa, na ilikuwa imepita adhuhuri. Nekbakht alimfuata na shali, akamsihi, naye akakataa mbele ya watu wale. Alisimama darajani kichwa wazi mpaka magari yalipopotea kwenye kona, kisha akasimama tena kidogo. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Usiku ule ule homa ikaanza. Siku ya tatu poromoko la theluji likafunga barabara, na daktari yuko chini. Tulimpa tulichokuwa nacho, mafuta ya mbuzi, chai, dua. Siku ya tano akamwita mkewe.

"Nivike sasa," akasema. "Nozanin ameshafika."

Akamvika. Aliivaa siku sita. Kifua kilikuwa kinakoroma kama kinu kisicho na maji ya kutosha, lakini kila alipoulizwa kichwa, alisema kichwa hakina neno, kichwa kiko nyumbani. Siku ya sita ya kofia akafa, ikiwa bado kichwani.

Nekbakht alimwomba Khalifa azikwe nayo. Khalifa akamwambia, kwa upole wake ule, kwamba mtu huondoka kama alivyokuja, na hakuna aliyekuja na kofia. Nekbakht akaivua mwenyewe kabla mumewe hajaoshwa. Siku tatu moto haukuwashwa katika nyumba ile, kama ilivyo desturi, na kofia ilikuwa kifuani mwa Nekbakht, ndani ya nguo zake. Niliona uvimbe wake, nikadhani ni kitambaa cha kulilia.

Wakati wa arobaini ndipo aliponisimulia. Sikumwuliza. Alianza tu, kutoka vitanzi sita vya kwanza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha msichana kufuma: hapa niliongeza, hapa nilikosea, hapa nilifumua. Alipofika kwenye kuni zilizonyamaza nyuma ya pazia nilimwambia, "Basi, wifi." Akaendelea. Alinisimulia mpaka darajani. Kisha akamwaga chai iliyopoa, akaweka nyingine jikoni.

"Niseme nini?" nikamwuliza.

"Wewe?" akasema. "Usiseme."

Ilikuwa mara ya kwanza ulimi wangu kupewa kazi ngumu. Nilikwenda kwake kila siku msimu ule wote, nikachota maji, nikatoa samadi zizini, nikanyamaza. Watu walidhani nimeugua. Hatukurushiana neno. Tulikuwa tunaambiana chumvi iko wapi.

Theluji ilipoanza kuacha ardhi, siku tuliyopika ngano ya mwaka mpya, alinikuta mlangoni kwangu. Alikuwa ameshika kitu ndani ya aproni. Pea moja ya soksi. Kahawia, pembe nyeupe, ncha nyekundu, shingo fupi maana uzi haukutosha.

"Uzi mzuri hautupwi," akasema. "Na ile kofia ilikuwa moja. Kitu cha nakshi ile hakikai kimoja nyumbani mwangu, nimeshakuwa mjane mwenyewe."

Nikazipokea. Pembe zilitazama juu. Nikaziweka kiganjani, moja na moja, nikaona hazilingani uzito. Mwanamke ambaye katika maisha yake hajawahi kutoa pea isiyolingana.

"Ya kushoto," akasema, "kisigino ni kile kile. Sikukifumua. Kisigino hutolewa chenyewe, unajua. Nilikigeuza tu."

Nikaingiza mkono. Kilikuwa kinene, laini, cha kuenea kiganja. Nilifungua mdomo.

"Ni za miguuni, wifi," Nekbakht akasema. "Zivae. Hakuna atakayecheka." Akageuka, akashuka njia ya kwake, mikono tayari imerudi kwenye kulabu, anafuma akitembea. Mjukuu wa ng'ambo alikuwa anatarajiwa.

Sijui mpaka leo kama alinisamehe au alinihukumu, na kwa sababu aliniambia nisiseme, sijamwuliza. Sijazivaa. Ninazo mwaka wa nne sasa. Nimeziweka rafuni, rafu ya juu, ile ya mikate.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni msichana aliyelelewa vizuri. Wiki ya kwanza aliyoletwa hapa aliziona, akashtuka, akanong'ona, "Mama, soksi juu ya mikate?"

Nikamwambia ahamishe mikate.